Pedi za breki: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua, na kabla ya kuteremka Kichwamba

Gari linalotoka Mbarara kuelekea Kasese hupita kwa muda mrefu katika vilima vya Bushenyi na Rubirizi, kisha ardhi hukatika ghafla. Hapo ni Kichwamba, ukingo wa bonde la ufa. Chini yake huonekana nyika ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na mbele zaidi Ziwa George na safu ya Rwenzori. Barabara huteremka kwa kona, na mguu wa dereva hauachani na breki.

Wanaotoka upande wa Fort Portal nao hushuka, ingawa kwa upole zaidi. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Kasese iko chini ya mita 1,000. Katikati kuna kiwanda cha saruji cha Hima, mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku na tambarare ya Karusandara. Malori ya saruji, chumvi ya Katwe, kahawa ya milimani, taksi za abiria 14 na magari ya watalii yenye vitanda ndani yake yote hutumia barabara hizo, na mengi huendelea hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe.

Magari hayo yana jambo moja linaloyaunganisha: ni mazito kuliko yanavyoonekana. Kwa hiyo swali la pedi zipi zinunuliwe zinapoisha linamhusu mwenye gari, fundi, na pia abiria ambaye hajawahi kuziona pedi hizo.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto

Breki hazifuti nguvu ya gari. Huigeuza kuwa joto, na joto hilo halina budi kwenda mahali fulani. Pedi mbili hubana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Msuguano huzaa joto. Diski hulipokea na kulitoa kwenye hewa. Katika breki za ngoma, viatu vya breki husukumwa kutoka ndani na kugusa ukuta wa ngoma. Kanuni ni ileile, isipokuwa joto hutoka polepole zaidi kwa sababu limefungiwa ndani.

Chukua mfano wa gari lenye uzito wa tani 3.5. Likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nguvu inayopaswa kugeuzwa joto ili lisimame ni mara nne ya ile ya kilomita 40 kwa saa. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, lakini kazi ya breki imeongezeka mara nne.

Mteremko ni mzigo mwingine. Gari hilohilo likishuka kimo cha mita 300 kwa kutegemea breki peke yake, joto linalozaliwa lingetosha kuchemsha takriban lita 30 za maji ya baridi, yaani jerikeni moja na nusu. Joto hilo lote hukusanyika katika vyuma vichache vilivyojificha nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo gari-nyumba linapotofautiana na gari dogo la kwenda kazini. Lori hupakia asubuhi na kurudi tupu jioni. Gari-nyumba halirudi tupu kamwe: kitanda, jiko, mtungi wa gesi, betri za ziada na tangi la maji vimo ndani siku zote. Lita 100 za maji pekee ni kilo 100. Taksi iliyojaza abiria na kufunga magunia juu ya paa iko katika hali hiyohiyo. Kabla ya kununua pedi, basi, swali la kwanza ni uzito wa gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Jibu la uhakika hupatikana kwenye mizani ya magari, na hulinganishwa na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Uzito ukizidi hapo, hakuna pedi itakayoponya kosa hilo. Dawa ni kupunguza mzigo.

Pedi imetengenezwa kwa kitu gani?

Kwa macho, pedi zote hufanana: bamba la chuma lililobandikwa tabaka jeusi au la kijivu. Tofauti iko ndani ya tabaka hilo, na kwa jumla yako makundi matatu.

La kwanza ni pedi za mchanganyiko wa nyuzi, mpira na gundi maalumu, ambazo mafundi wengi huziita pedi laini. Hazipigi kelele, haziumizi diski na bei yake mara nyingi ni nafuu. Zinafaa gari jepesi la mjini. Udhaifu wake ni joto kali: zikipashwa kupita kiasi, msuguano hupungua, na dereva hukanyaga kwa nguvu huku gari likiendelea kwenda.

La pili ni pedi zenye chembe nyingi za chuma ndani yake. Hustahimili joto vizuri zaidi, kwa hiyo huteuliwa mara nyingi kwa magari mazito na ya milimani. Zina gharama yake: huweza kupiga kelele, hula diski haraka zaidi, na hupitisha joto kwa wepesi kuelekea kwenye mafuta ya breki.

La tatu ni pedi za kauri. Vumbi lake ni dogo, hazina kelele, na ushikaji wake hautetereki sana katika matumizi ya kila siku. Bei yake huwa juu. Lakini bei kubwa haimaanishi kwamba zinalifaa kila gari. Nyingi zimekusudiwa magari madogo, na mwenye gari la tani tatu hana sababu ya kuzinunua kwa kuwa tu zinasifiwa.

Kwa gari-nyumba au taksi inayopita Kichwamba, mahali pazuri pa kuanzia ni pedi za kiwango kilekile ambacho mtengenezaji wa gari aliweka kwa toleo la mzigo, au pedi zilizotajwa waziwazi kuwa za magari ya biashara yenye uzito huo. Pedi za mashindano ya magari hazifai. Baadhi yake hushika vizuri zikiwa zimeshapata moto tu, na asubuhi ya baridi mlimani zinaweza kukuangusha.

Kuna onyo la afya pia. Pedi za zamani, au zisizo na maelezo yoyote, zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linayataja kuwa chanzo cha saratani katika aina zake zote. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku kufikia 2005, na Afrika Kusini mwaka 2008. Kwa kuwa fundi hawezi kuyatambua kwa macho, vumbi lolote la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya hewa. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wanaozunguka gereji wawekwe mbali.

Herufi na namba zilizopo kwenye pedi

Pedi nzuri hujieleza. Alama ya kwanza ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na namba, kisha maandishi yanayoanza na 90R. Hiyo ni alama ya Kanuni Namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu pedi na viatu vya breki vya kubadilisha. Chini ya kanuni hiyo, pedi mbadala hupimwa dhidi ya zile za awali, na uwezo wake wa kusimamisha gari haupaswi kutofautiana nazo kwa zaidi ya asilimia 15. Pakiti nayo lazima ifungwe kwa namna ambayo ikifunguliwa itajulikana. Namba iliyo kando ya E hutaja nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza.

Alama ya pili hupatikana ubavuni au mgongoni mwa pedi, katika mfululizo wa herufi na namba unaoishia kwa herufi mbili kama EE, FF au GG. Utaratibu huu ulianzia Marekani. Herufi ya kwanza huonyesha kiasi cha msuguano pedi ikiwa katika joto la kawaida la kazi, ya pili ikiwa imepata moto mkali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, G ni kati ya 0.45 na 0.55. Pedi ya FE basi hushuka daraja inapopata moto, ilhali ya FF hubaki katika daraja lake.

Msomaji asidhani kwamba herufi ya juu ndiyo bora daima. Breki za mbele na za nyuma hupangwa zifanye kazi kwa uwiano. Ukiweka mbele pedi zinazoshika mno na kuacha nyuma kama kulivyo, au kinyume chake, gari linaweza kuyumba au magurudumu kujifunga kwenye lami yenye maji. Herufi hizo, tena, hazisemi pedi itadumu miezi mingapi.

Jina la gari halitoshi

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kufika dukani na kutaja jina la gari tu. Toyota HiAce imetengenezwa kwa matoleo mengi, na magari mawili yanayofanana rangi na umbo yanaweza kuwa na kalipa tofauti. Kwa magari-nyumba kutoka Ulaya, mfano ulio wazi ni Fiat Ducato, ambayo hutumika sana kujengea nyumba za magurudumu. Toleo lake la kawaida huwa na rimu za inchi 15 na lile la mzigo mkubwa rimu za inchi 16 pamoja na breki kubwa zaidi. Mwaka wa kutengenezwa peke yake hautoshi kuzitofautisha.

Njia salama ni kuchukua namba ya chesisi kutoka kwenye logibuku au kwenye kibati cha gari, na kuitumia kutafuta namba ya kipuri. Kwa vipuri asili vya Toyota, namba za pedi za mbele huanza na 04465, pedi za nyuma 04466, na viatu vya breki 04495. Kwa pedi za Ulaya, tafuta namba ya tarakimu tano inayoitwa WVA. Namba hiyo huelezea umbo la pedi, na hukuwezesha kulinganisha bidhaa za kampuni mbalimbali.

Ukiweza, beba pedi za zamani. Zilaze juu ya mpya na ulinganishe umbo, matundu, masikio na unene wa bamba la chuma. Pedi isiyoingia mpaka isuguliwe kwa msasa au jiwe la kunolea si ya gari hilo.

Upande wa mpakani kuna tatizo jingine, nalo ni la lugha. Dereva anayevuka kutoka Kasindi ataulizia plaketi za freni, kwa maneno yaliyotoka katika Kifaransa. Wa Kasese ataulizia pedi. Wote wanataka kitu kimoja. Lakini neno "breki" likitajwa peke yake katika soko la Lubiriha, muuzaji anaweza kuleta pedi, viatu au silinda. Taja kipuri, taja mbele au nyuma, kisha onyesha namba.

Bandia hujificha wapi?

Vipuri vingi vinavyouzwa magharibi mwa Uganda hupitia Kampala, ambako Soko la Kisekka limejulikana kwa miaka mingi kuwa kitovu cha biashara hiyo. Safari ndefu kutoka kiwandani hadi rafuni hutoa nafasi ya vitu vya kuiga kuingia. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ndilo lenye jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa, lakini mnunuzi naye ana macho.

Angalia maandishi ya pakiti: herufi zilizokosewa, rangi iliyofifia na namba inayotofautiana na ile iliyochapwa kwenye pedi ni dalili mbaya. Angalia tabaka la msuguano: lisiwe na nyufa, povu wala pembe zinazomomonyoka kwa ukucha. Angalia mahali linaposhikana na chuma: pasiwe na mwanya hata wa karatasi, kwa sababu tabaka likibanduka barabarani, chuma hubaki kikisugua chuma. Pedi zote nne za ekseli ziwe na alama zilezile. Omba risiti yenye namba ya kipuri. Muuzaji anayekataa kuiandika amekwisha kukujibu.

Kukosekana kwa alama ya E hakuthibitishi kwamba pedi ni bandia, kwa kuwa si kila soko huitaka. Kuwapo kwake nako hakumalizi shaka, kwa kuwa alama huigwa. Ushahidi huu wote hupimwa pamoja.

Fundi anapofungua gurudumu

Pedi mpya nyingi huwa na tabaka la unene wa milimita 10 hadi 12. Likifika milimita 3, wakati wa kubadilisha umewadia, hata kama breki bado zinashika. Baadhi ya pedi zina kijibati kinacholia kinapogusa diski. Kuongeza sauti ya redio ili usikisikie ni kuahirisha gharama tu.

Pedi hubadilishwa kwa ekseli nzima, kushoto na kulia. Anayebadilisha upande mmoja atapata gari linalovuta upande mmoja kila anapokanyaga.

Kazi haiishii hapo. Diski huandikwa unene wake wa chini kabisa unaoruhusiwa. Iliyopungua zaidi ya hapo hupata moto haraka na huweza kupasuka. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki. Katika magari yanayobeba chumvi, au yanayoegeshwa miezi mingi yakingoja msimu wa watalii, kutu huzikamata pini hizo. Pedi moja huisha na mwenzake hubaki nzima. Ukiona hali hiyo, ujue pedi haina kosa. Pini ndiyo iliyokwama.

Pedi iliyomwagikiwa mafuta au grisi haisafishiki. Kuiosha kwa petroli au kuichoma moto hakurudishi msuguano wake. Itupwe, na mahali palipovujia pazibwe kwanza.

Mafuta ya breki nayo yasisahauliwe. Hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155. Yakichemka, mvuke huingia ndani ya mabomba. Mvuke hubanika ilhali mafuta hayabaniki, na pedali huenda hadi sakafuni bila gari kusimama. Ndiyo maana pedi bora pamoja na mafuta ya miaka mitano ni usalama wa nusu. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni desturi njema, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo nyingine.

Siku za kwanza, na mteremko wa kwanza

Pedi mpya haishiki kikamilifu mara moja. Uso wake unahitaji kukubaliana na uso wa diski. Baada ya kufungwa, endesha kwenye barabara tambarare isiyo na msongamano, kama zile za upande wa Karusandara. Punguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara 20 au 30, ukiacha breki zipoe kati ya kila mara. Kwa kilomita 300 za mwanzo epuka kukanyaga kwa ghafla, isipokuwa kwa dharura. Kufunga pedi Mbarara asubuhi na kuzijaribu Kichwamba mchana, gari likiwa limejaa, ni kuzipa mtihani kabla ya somo.

Mteremkoni, kanuni ya wazee wa barabara bado ni sahihi: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda. Gia hiyo ichaguliwe kabla mteremko haujaanza. Injini ishikilie gari. Breki itumike kwa mikanyago imara na mifupi, kisha iachiwe ipoe, badala ya mguu kulalia pedali njia nzima.

Wapo madereva wanaoweka gia ya nyutro, au hata kuzima injini, ili kuokoa mafuta. Ni hesabu isiyo sahihi. Injini nyingi za kisasa hazinyunyizi mafuta gari linaposhuka likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kwa hiyo akiba yenyewe haipo. Na injini ikizimwa, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki hubaki na nguvu ya mikanyago michache tu. Baada ya hapo pedali huwa ngumu kama jiwe.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona moshi, au pedali ikawa laini, breki zinakuonya. Shusha gia, tafuta mahali salama, simama, zuia magurudumu kwa mawe na ungoje. Usimwagie diski maji, kwani chuma chenye moto kikipoa ghafla hupinda au kupasuka.

Nani anayelipa?

Baada ya maelezo yote ya kiufundi, hubaki swali ambalo halimo katika kitabu cha mtengenezaji. Taksi nyingi huendeshwa na mtu asiye mwenye gari. Dereva hupeleka fedha kwa tajiri wake kila jioni, na siku gari linaposimama gereji hana cha kupeleka. Pedi zikianza kulia, dereva husema ni juu ya mwenye gari. Mwenye gari husema dereva anakanyaga vibaya. Katika mvutano huo hununuliwa pedi za bei ya chini kabisa, au husubiriwa wiki moja zaidi.

Hakuna herufi wala namba inayoweza kutatua hilo. Makubaliano ya wazi yanaweza: breki zikaguliwe kwa tarehe iliyopangwa, kipuri kiandikwe kwa namba yake, na siku ya kubadilisha isihesabiwe kuwa ni deni la dereva. Mwenye gari anayelala Kasese au Kampala hashuki Kichwamba. Wanaoshuka ni dereva, mama mwenye mizigo yake ya Lubiriha, na mwanafunzi aliyeketi kiti cha nyuma.

Na abiria naye ana haki ya kuuliza. Ukisikia chuma kikisaga chuma kila gari linaposimama, mwambie dereva. Ukiona gia ya nyutro mteremkoni, mwambie. Asiposikia, shuka kwenye kituo kinachofuata na usubiri gari jingine.